Mgomba Uliobebwa Jukwaani

Mimi nililelewa na kuta mbili. Anayetaka kuijua Mbotela, mtaa wetu wa wakati ule, asianzie barabarani, aanzie kwenye kuta. Nyumba za kaunsili zilipangwa safu kwa safu, chumba kimeshikana na chumba, na ukuta wa kati haukuzuia chochote isipokuwa macho. Jirani akipiga chafya, ulimwambia pole ukiwa kitandani kwako. Akigombana na mkewe, ulijua mwenye makosa ni nani kabla wao wenyewe hawajajua.

Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa wa mama mjane kutoka magharibi, Mmaragoli, aliyeuza viazi na vitunguu kando ya Barabara ya Jogoo. Kila jioni, stovu zikishazimwa, nilisikia chuma kikiburutwa kwenye sakafu yake. Krrr, kinatulia. Krrr tena. Kilikuwa kipande cha reli ambacho marehemu mumewe alikileta kutoka kazini. Mama alikisukuma mpaka mlangoni, mlango ukabaki wazi kiasi cha mkono kupita, na ukakaa hivyo hadi asubuhi. Hapo Mbotela, ambapo ulianika soksi mbili ukaanua moja! Wala hakuna mwizi aliyewahi kuingia mle. Waliuogopa ule mlango kuliko walivyowaogopa polisi.

Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya mwanawe. Kijana wake wa pekee alikuwa ameandikwa jeshini, na mwaka nilipomaliza shule wakaja watu na gari la serikali wakamwambia mama kwamba mwanawe ametoroka kambini, na akionekana nyumbani habari ipelekwe kwa chifu. Basi, wakaondoka. Hawakusema alitoroka lini wala kwa nini. Tangu siku hiyo akawa mama wa mtoro, na haki ya Mungu niliwaona kwa macho yangu wanawake wa kanisa letu wakisogeza mikoba kwenye benchi ili asipate nafasi ya kukaa.

"Mtoro huja gizani," aliniambia. "Akikuta pamefungwa, ataenda wapi?"

Kwa hiyo aliacha mlango wazi, na juu ya meza akaacha sahani ya chakula imefunikwa. Mara mojamoja asubuhi aliikuta tupu. Mama yangu alisema ni paka. Baba alisema paka akimaliza kula hafuniki sahani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeanza kazi ya kupiga chapa ofisini, na bado nilijifunika blanketi kichwani nikikumbuka ile sahani.

Ndugu za mumewe walikuja kutoka kwao zaidi ya mara moja kumsihi. Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukata mgomba, lile shina lenyewe, wakalivika nguo, wakalililia, wakalizika kaburini mahali pake, na msiba ukaisha. Mimi ni mtu wa Ukambani, jambo hilo sikuwa nimelisikia. Yeye alikataa kabisa.

"Nani kaniambia amekufa?" aliwauliza, sauti ikivuka ukuta. "Nizike mti, halafu mwanangu aje akute nimemzika? Nileteeni mtu mmoja aseme nimemwona amekufa. Mmoja tu. Hapo nitazika hata jiwe."

Hicho ndicho alichotaka duniani, na mtaa mzima ulijua: mtu mmoja wa kumwambia.

Alipenda kunisimulia habari za mwanawe nikimsaidia kuchagua viazi vilivyooza. Nilijua alipenda nini, alichukia nini, na nilijua miguu yake kama niliyemzaa mimi. Mguu wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vilishikana tangu kuzaliwa. Kwa sababu ya vidole hivyo buti la kawaida lilimbana, wakampa kubwa, na alipokuja likizo alilalamika kwamba linapwaya. "Nikamwambia ajaze gazeti ndani," mama alisema, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa fundi cherehani mpaka alipobadilishana chumba na dereva wa gari la mikate. Huyu dereva alikuwa Mkamba kama sisi, mtu mpole, ana mke na watoto wadogo, na zamani alikuwa mwanajeshi. Baba alimuuliza mbona ameacha chumba chake kizuri kule Makadara akaja kubanana nasi. Akajibu kwamba huku ni karibu na kazi. Uongo mtupu, huku kulikuwa mbali zaidi, lakini baba si mtu wa kumbana mgeni.

Jioni ya kwanza alirudi kazini amevaa buti. Nilikuwa nje naosha sufuria. Nikazisikia zile hatua kwenye njia ya saruji, nzito, zimepimwa, na kabla sijainua kichwa mama jirani alikuwa amekwisha kutoka mbio, leso inamdondoka, anaita, "Mwanangu! Mwanangu!" Akamshika uso kwa mikono miwili. Dereva hakusogea. Alisimama wima, mikono imebana mapajani, macho yanatazama mbele kama yuko gwarideni. Mama alipoona si yeye alimwomba radhi, akarudi ndani. Dereva akaendelea kusimama vilevile hadi mama yangu alipomshika mkono na kumpeleka kwake.

Tangu siku hiyo alivua buti pale kwenye bomba la maji, akazishika mkononi, akapita mbele ya mlango wa yule mama peku. Kila asubuhi aliacha mkate kwenye dirisha lake. Lakini kuingia ndani, hapana. Aliitwa chai akasema ameshakunywa. Akaitwa kula akasema ameshiba.

"Kwani ninanuka?" mama aliniuliza. "Huyu kijana ananikimbia nini?"

Nilimwambia wanaume wengine ni waoga tu. Mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki.

Wakati huo tulikuwa na kikundi cha maigizo pale ukumbi wa mtaa. Kiongozi wetu alikuwa karani wa kaunsili, mwanamume mfupi mwenye maneno mengi, aliyeamini kwamba siku moja tutaigiza mjini mbele ya mabalozi. Tulikuwa tumechoka na michezo ya walevi na mabibi harusi, ile ambayo watu wanajua kicheko kiko wapi kabla hujafungua mdomo. Dereva alikuwa amejiunga nasi, jambo lililotushangaza, maana hata salamu alitoa kwa kichwa. Jumamosi moja, tukiwa tumekosa kisa, akasema kutoka kule nyuma, "Kuna hadithi niliisikia. Ni ya nchi nyingine."

Akaisimulia akitazama sakafu. Kikosi cha wanajeshi kilikuwa kwenye mazoezi. Wakafika kwenye mto uliofurika. Wenyeji wakawaambia wangoje, lakini mkubwa wao alitaka kufika kabla ya kikosi kingine ili asifiwe, akaamuru wavuke. Vijana kadhaa wakachukuliwa na maji. Miili ilipopatikana, mkubwa akaona cheo chake kinaponyoka. Akaagiza wazikwe palepale ukingoni, na kambini ikaandikwa kwamba wametoroka. Waliobaki wakaapishwa wasiseme. Mmoja wao ndiye aliyepewa koleo.

"Halafu?" karani akauliza.

"Halafu akaenda nyumbani," dereva akasema. "Anakula, analala, anaenda kazini. Na mama ya mmoja wao anauliza watu wote mwanangu yuko wapi."

Karani alikuwa ameshaanza kuandika, na nilimwona akitabasamu peke yake, shetani yule, maana alijua amepata mchezo.

Tulibishana wiki nzima juu ya mwisho. Kijana mmoja aliyefanya kazi gereji, mwenye kujifanya mjuaji, akasema askari anayetoa siri ni msaliti na angepigwa risasi. Mwingine akasema kiapo cha kufunika uovu si kiapo. "Eti aseme?" yule wa gereji akafoka. "Na watoto wake wale nini? Na ana uhakika gani hawatamgeuzia kibao wakisema ni yeye aliyewaua? Si ndiye alishika koleo?" Mimi nikasema basi angalau amwambie yule mama chemba, nani atajua? Dereva akanigeukia.

"Ukimwambia mama mtu, atalia," alisema. "Akilia, wataulizana nani kamwambia. Na ukimwambia mmoja, wale wengine mama zao wamekosa nini?"

Nikarudi kukaa, nikawaacha wengine wabishane. Kwangu mimi hilo si jambo la kila siku.

Mwishowe karani akaandika hivi: kwenye sehemu ya katikati, mama anamuuliza askari, naye anakana. Kwenye sehemu ya mwisho moyo unamshinda, anasema yote mbele ya wakubwa. Nikaupiga chapa mchezo wote kwa taipureta ya ofisini wakati wa chakula cha mchana, tukaupeleka kwa D.O., yule afisa wa wilaya, kutafuta kibali. Kwa kuwa nchi haikutajwa na mto haukuwa na jina, tulirudishiwa maandishi yamepigwa mhuri. Kibali ni cha yaliyoandikwa tu, tukaonywa, msiongeze hata nukta. Nikapewa mimi maandishi hayo niyalinde. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia, na mtu akisahau maneno nimnong'oneze.

Baba yangu ni mchongaji wa vinyago, akatuchongea bunduki za mti. Dereva alipokabidhiwa yake aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akailaza chini polepole. "Mzee, hii umeiweza mno," alisema. Hakuishika tena mpaka alipolazimika.

Sasa nikuambie kuhusu mazoezi, na usiseme natia chumvi. Kulikuwa na sehemu ya kuchimba kaburi. Hatukuwa na koleo, dereva alichimba hewa tupu. Maiti ilikuwa gunia tulilojaza maganda ya mahindi. Lakini alipoanza kuchimba, ukumbi ulibadilika. Alikanyaga koleo ambalo halipo, akainua udongo ambao haupo, na uliona kabisa kwamba udongo ule ni mzito, umelowa, unang'ang'ania. Alikung'uta vidole. Ilikuwa kiangazi, nje vumbi tupu, na mimi nilisikia harufu ya tope la mto. Niliuliza wenzangu kama wanaisikia. Yule wa gereji, mjuaji, alikuwa amekwenda kusimama mlangoni kwenye jua.

Kisha alivuta gunia, akalitazama upande wa miguu, akasema, "Mguu mmoja hauna buti."

Maneno hayo hayakuwamo. Nikamnong'oneza yaliyoandikwa: Lala salama, ndugu yangu. Akayasema. Zoezi lililofuata, tena: "Mguu mmoja hauna buti." Nikakasirika. Nimepiga chapa maneno yale mpaka vidole vikaota sugu, mtu anajiongezea yake?

"Hayo hayamo!" nikamwambia.

"Samahani, dada. Yananitoka tu."

"Basi yaambie yasikutoke. Tutanyang'anywa kibali kwa ajili ya buti?"

Akaahidi. Na zoezi lililofuata yakamtoka.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada. Mvua ilinyesha asubuhi bila kutarajiwa, halafu jua likatoka kali, mtaa mzima ukawa unafuka. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama jirani alikuja mapema, amevaa gauni la kanisani, akaketi benchi la mbele kabisa, maana alisema kwa kuwa majirani zake wote wamo kwenye mchezo, hawezi kukaa nyuma na wapita njia. Nyuma yake walikaa watu wengi wa kwao, wafanyakazi wa reli na wake zao.

Nilikuwa nyuma ya pazia napanga vitu nilipomwona dereva anaingia kwa mlango wa uani. Amebeba kitu kirefu begani, kimeviringishwa blanketi la kijivu. Akakilaza miguuni pangu. Kikatoa sauti ya kitu chenye maji.

"Gunia liko wapi?" nikauliza.

"Limelowa. Maganda yameoza."

Nikafunua blanketi. Ni mgomba. Shina zima, limekatwa asubuhi ileile, utomvu unachuruzika, na limefungwa kamba mahali pa shingo na mahali pa miguu. Lilikuwa baridi. Utomvu ukanirukia gaunini, na doa lile halikutoka tena maishani.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa mama jirani, kwenye migomba yake ile ya karibu na bomba. Nilimwomba. Akaniambia kata ule ulioisha kuzaa."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamvuta mkono. Nilidhani ni ushamba wetu watu wa Ukambani, kwamba kwake mgomba ni mgomba tu. "Wewe! Unajua hii kwa watu wa magharibi ni nini? Yule mama yuko pale mbele! Utamuua!"

"Najua ni nini," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mwanawe mwenyewe. Tulilala chumba kimoja kambini, kitanda changu kando ya chake. Alinisimulia mambo ya kwao yote." Alikuwa akifunga kamba za buti, hakuniangalia. "Alisema nikipotelea mtoni, mwambieni mama asikubali kuzika mgomba mpaka ajue. Tulicheka sana siku hiyo."

Karani akapiga kengele. Pazia likavutwa. Nikaketi kwenye kigoda changu na maandishi mapajani, na sikuona hata herufi moja.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, watu wakacheka walipotakiwa kucheka. Kisha wakaingia askari wawili wamebeba lile blanketi. Shina la mgomba lina uzito wa mtu, na wabebaji walikuwa wameinama kikweli, miguu inaburuta. Waliliteremsha katikati ya jukwaa. Kona ya blanketi ikafunuka, na ule weupe wa shina ukaonekana.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa wanaume. Haikuwa ya maneno, ilikuwa ya viti. Watu wa reli walikuwa wanasimama, mmoja baada ya mwingine, wanavua kofia. Upande wetu, watu wa Ukambani, baadhi walikuwa bado wanacheka kuona mgomba umevishwa blanketi, na walipogeuka wakawaona wenzao wamesimama, kicheko kikawafia mdomoni. Mama jirani hakusimama. Alikuwa ameshika benchi kwa mikono yote miwili.

Dereva akachimba. Harufu ikaja, ileile, na safari hii niliona watu wa mbele wakijifunika pua. Akamaliza. Akavuta blanketi, akainama upande wa miguu.

"Mguu mmoja hauna buti," akasema.

Nikafungua mdomo nimnong'oneze maneno yaliyoandikwa. Akaendelea.

"Lilikuwa linapwaya. Limechukuliwa na maji. Mguu wa kushoto, na vidole viwili vya mwisho vimeshikana."

Mama alisimama. Kwenye mchezo, hapo ndipo msichana aliyeigiza mama wa askari alipotakiwa kuingia na kuuliza swali lake. Alikuwa ameshatoka upande wa pili, leso kichwani, na alipomwona mama halisi anapanda ngazi za jukwaa akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Mama alitembea taratibu. Hakumtazama dereva kwanza. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya shina, akaona kwamba ni mgomba wake mwenyewe, ule aliosema ukatwe. Ndipo akainua uso.

"Mwanangu yuko wapi?"

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye mchezo. Neno kwa neno, na hakuna aliyemfundisha. Na jibu lilikuwa mbele yangu, nimelipiga chapa mimi, lina mhuri. Dereva akageuza kichwa kidogo kunitazama pale nyuma ya pazia, kama afanyavyo mtu aliyesahau. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamnong'oneza: Sijui, mama. Sikumwona.

"Hapana, dada," akaniambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia. "Hayo, hapana."

Akavua kofia ya jeshi, akapiga magoti upande wa pili wa shina.

"Ni yeye, mama. Hakutoroka. Tuliamriwa kuvuka mto umejaa, akazama, na mimi ndiye niliyemfukia. Wako wengine pamoja naye." Akataja majina yao, moja baada ya jingine, polepole, na mama zao kama walikuwa hai hawakuwa pale kuyasikia. Akataja mto. Akamtaja mkubwa aliyeamuru. Nikamwona karani akishika kichwa. Kule nyuma ya ukumbi wanaume wawili waliovaa makoti, ambao hakuna aliyewajua, wakatoka nje.

Mama akauliza, "Ulimlaza anaangalia wapi?"

"Anaangalia kwenu, mama. Machweo. Aliniambia ndivyo mnavyofanya."

"Na macho?"

"Niliyafumba."

Mama akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akanyoosha mkono juu ya lile shina, akamshika dereva shavu, vilevile alivyomshika jioni ile ya kwanza. "Asante, mwanangu," akasema. Kisha akafungua kinywa akalia, na wanawake wote wa kwao wakampokea, na kilio kile kikatoka madirishani kikaenda mtaani. Nililia na mimi, nikalia mpaka nikachoka, na maandishi ya karani yakalowa yote.

Hakukuwa na sehemu ya mwisho. Watu wa reli walipanda jukwaani, wakainua shina na blanketi lake, wakalibeba begani hadi chumbani kwa mama, na msiba ukakaa pale mlangoni. Wanawake wa kanisa wakaja na sukari na majani ya chai, wale wa mikoba wakiwa mbele. Baadaye shina likapandishwa garimoshi kwenda kwao, likazikwa kando ya baba wa kijana.

Mama jirani aliporudi kutoka mazishini, jioni ile nilingoja nikiwa nimeegemeza kichwa ukutani. Stovu zikazimwa. Nikangoja chuma. Hakikusikika. Nilichosikia ni mlango ukifungwa, na komeo likiingia mahali pake kwa shida, maana lilikuwa limepata kutu. Halafu nikamsikia akikoroma. Miaka yote sikuwa nimewahi kumsikia akikoroma.

Wiki hiyohiyo wakaja kumchukua dereva. Hawakuja na fujo. Ilikuwa asubuhi, walibisha hodi, wakamwambia kuna maswali machache. Alivaa shati safi. Nilimsikia kupitia ukuta wa kulia akimwambia mkewe asitie chumvi nyingi kwenye maharagwe, kwa sababu jioni atakula nyumbani. Alipopita mbele ya mlango wa mama alikuwa na buti miguuni, na hakuzivua.

Jioni hakuja. Wala kesho yake. Mkewe alizunguka kila kituo cha polisi, kila mahali wakamwambia hawana mtu kama huyo. Kambini wakamwambia aliacha jeshi zamani, hawamjui. Mtaani watu walianza kumsalimu kwa mbali. Yule kijana wa gereji akadai yeye alisema tangu mwanzo, na nilimrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku moja jioni nilikuwa kwa mama jirani tunamenya viazi. Mke wa dereva akaja akasimama mlangoni, mtoto mgongoni, haingii wala hatoki.

"Mama," akasema, "ule mlango wangu upepo unaufunga. Nikiuacha wazi unajifunga wenyewe. Wewe wako ulikuwa unafanyaje?"

Mama aliweka kisu chini. Aliinuka, akaenda kwenye kona, akakivuta kile kipande cha reli kutoka chini ya kitanda.

"Ni kizito," akaniambia. "Msaidie kubeba."

Tukakibeba, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukapita mbele ya mlango wetu tukakiweka kwake. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Stovu zikazimwa. Na kutoka ukuta wa kulia nikakisikia kikiburutwa. Krrr, kinatulia. Krrr tena.